Motokaa Ndogo ya Bei Nafuu: Ipime kwa Mlima Wako

Wewe uliye darasani na nakala hii mkononi, weka tayari daftari na kalamu. Somo la leo lina kusoma ndani yake, na lina hesabu kidogo.

Leo tutazungumza habari za kununua motokaa ndogo, ile iitwayo saluni. Saluni ni gari la milango minne, lenye nafasi ya watu watano, na buti nyuma la kuwekea mizigo. Watu wengi wa Lushoto wanafikiri kununua gari la namna hii. Mwalimu analitaka, muuguzi analitaka, mwenye duka analitaka. Hata kikundi cha kuweka na kukopa huweza kukusanya fedha na kununua moja.

Ni jambo jema. Lakini fedha hiyo kwa kawaida ni akiba ya miaka. Pengine ni kabichi na viazi vya misimu mingi. Gari baya huweza kuimaliza kwa miezi michache. Tena katika milima ya Usambara gari baya haliharibu fedha tu. Huweza kuua watu. Basi tujifunze kulipima gari kabla ya kutoa fedha.

GARI JIPYA NI LIPI?

Muuzaji akikwambia, "Hili ni gari jipya," muulize: jipya kwa nani? Magari mengi madogo yanayonunuliwa Tanzania huja kwa meli kutoka Japani, nayo yamekwisha kutumika huko. Watu huyaita mapya kwa sababu hayajatembea bado katika barabara zetu. Magari mapya hasa, yasiyotumiwa na mtu, yapo pia, lakini bei yake huwashinda watu wengi.

Hapa ndipo kusoma kunapokufaa. Tazama kibao cha namba. Kina herufi T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Ile ya kwanza katika herufi tatu za mwisho ndiyo watu huitaja wanaposema "namba C", "namba D" au "namba E". Herufi hiyo hukuonyesha kwa kukadiria gari liliandikishwa lini hapa Tanzania. Haikuonyeshi lilitengenezwa lini. Gari la namba E laweza kuwa kuukuu kuliko gari la namba D. Mwaka wa kutengenezwa usome katika kadi ya gari. Soma pia namba ya chasisi katika kadi, kisha uilinganishe na ile iliyopigwa kwenye bati la gari lenyewe. Zikitofautiana hata tarakimu moja, usitoe fedha.

TUCHUKUE MFANO MMOJA

Tuchukue mfano wa Toyota Corolla. Gari hili lilianza kuuzwa Japani mwaka 1966. Lilikusudiwa kuwa gari la familia ya kawaida, si la tajiri. Injini yake ya kwanza ilikuwa ndogo, ya sisi 1,077. Mwaka 2006 saluni ya Corolla iliyouzwa Japani ilipewa jina la Axio, na mwaka 2012 ikatoka Axio ya umbo jingine. Haya ndiyo magari ambayo mnunuzi wa kawaida huweza kuyakuta sokoni kwetu. Lakini mambo tutakayosema yahusu pia saluni nyingine ndogo, kama Belta na Premio.

Upana wa Axio ni sentimeta 169 na nusu. Kwa nini si zaidi? Kwa sababu sheria ya Japani husema kuwa gari likipita sentimeta 170 kwa upana, au sentimeta 470 kwa urefu, haliandikishwi tena katika daraja la magari madogo. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya Usambara, lakini yatusaidia. Ukikutana kwenye kona na lori la viazi linaloshuka, utaona faida ya gari jembamba.

Jambo la pili ni spea. Axio nyingi za sisi 1,500 zilizotengenezwa kati ya mwaka 2006 na 2015 zina injini iitwayo 1NZ. Injini hiyo hiyo imo katika magari mengi ya Vitz, IST na Probox. Maana yake ni nini? Maana yake mafundi wengi wamekwisha kuifungua na kuifunga, na spea zake hutafutwa na watu wengi, kwa hiyo maduka huziweka. Kabla ya kupenda gari lolote, nenda kwa fundi wako na kwenye duka la spea. Uliza bei ya vitu vitatu: pedi za breki, shokapu na rejeta. Kama vitu hivyo mpaka viagizwe mbali, gari hilo si la bei nafuu, hata likiuzwa kwa bei ya chini.

Hapo zamani Afrika ya Mashariki ilipata funzo juu ya jambo hili. Mwaka 1963, katika mashindano ya magari ya East African Safari, magari 84 yalianza safari. Yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Lililoshinda lilikuwa Peugeot 404, nalo lilikuwa gari la saluni la familia. Mvua, matope na mashimo havikujali ni gari gani linang'aa. Vilichagua gari gumu, lenye kuweza kutengenezwa njiani.

MLIMA WETU NI MLIMA WA NAMNA GANI?

Sasa fungua daftari. Mombo iko bondeni, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi. Mji wa Lushoto uko juu, kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kutoka Mombo mpaka Lushoto, kwa kupitia Soni, ni kilometa 33 hivi. Katika safari hiyo gari hupanda karibu mita 1,000. Gawanya, utapata kwamba kila mita 100 unazokwenda, unapanda kiasi cha mita 3. Huo ni wastani. Mahali pengine barabara ni karibu tambarare, na mahali pengine mwinuko ni mkali na kona ni za kukunjika.

Injini huvuta hewa kama mtu avutavyo pumzi. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Injini ya kawaida, isiyo na turbo, hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo. Basi gari la injini ndogo sana, ambalo Tanga mjini hukimbia vizuri, likipakia watu watano laweza kuchoka kabla ya kufika Soni. Kwa mlima wetu, injini ya sisi 1,300 au 1,500 yafaa zaidi kuliko ya sisi 1,000.

Watu wengi huuliza, "Je, litapanda?" Ni swali zuri, lakini liko jingine kubwa kuliko hilo: "Je, litashuka salama?"

Fikiri hivi. Gari lenye kilo 1,100, na ndani yake watu watano wenye kilo 350 pamoja, ni uzito wa kilo 1,450. Uzito huo ukiteremka mita 1,000, nguvu yake huwa haina budi kugeuka joto. Joto hilo lote lingetosha kuchemsha debe mbili za maji baridi. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na magurudumu. Sehemu iliyobaki lazima ichukuliwe na injini au na breki. Dereva akiweka gia huru ili kubana mafuta, joto lote hilo huiendea breki. Pedi huungua na kutoa harufu. Mafuta ya breki, hasa yaliyokaa miaka bila kubadilishwa, huwa yameingiwa na maji. Yakipata moto huchemka na kutoa povu. Hapo dereva hukanyaga pedali, nayo huzama mpaka chini, na gari halisimami.

Basi kanuni yetu ni hii: mteremkoni, gia ishike gari, breki isaidie tu. Wazee wa udereva walisema, shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia.

SOMA HERUFI ZA GIA

Saluni nyingi za Japani hazina klachi. Karibu na mkono wako kuna herufi. P ni kusimama. R ni kurudi nyuma. N ni huru. D ni kwenda mbele. Chini ya D huwa kuna alama nyingine, kama 2, L, S au B. Watu wengi hununua gari wala hawaulizi maana ya alama hizo. Lakini hizo ndizo alama za mteremkoni. Ukiweka huko, injini hulishika gari lisikimbie. Katika gari unalotaka kununua, muulize muuzaji akuonyeshe alama ya kushukia, na uijaribu. Kama gari halishiki, gia ina ugonjwa.

Axio nyingi hutumia gia ya namna iitwayo CVT. Ni gia nzuri, hubana mafuta. Lakini inataka oili yake maalumu. Ikitiwa oili yoyote tu, huharibika, na kuitengeneza ni gharama kubwa. Uliza: oili ya gia ilibadilishwa lini, na ni oili gani? Kama hakuna ajuaye, ihesabu gharama hiyo kuwa yako.

TAIRI, BREKI NA CHINI YA GARI

Chuchumaa ubavuni mwa gari. Kwenye tairi tafuta herufi DOT. Mwishoni mwa maandishi hayo kuna tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Usipoziona upande mmoja, tazama upande wa pili wa tairi. Tairi kuukuu huweza kuwa na meno marefu na bado mpira wake umekauka na kupasuka. Soma tairi zote nne, na ile ya akiba.

Sasa pima nafasi iliyo kati ya ardhi na sehemu ya gari iliyo chini kuliko zote. Saluni ndogo huwa na sentimeta 15 hivi. Ni pungufu ya urefu wa penseli mpya. Watu watano wakiingia, nafasi hiyo hupungua tena. Kwenye lami hakuna neno. Lakini kwenye njia za udongo za vijijini, wakati wa masika, mwezi wa Machi mpaka Mei, magurudumu ya malori huchimba mifereji. Katikati hubaki tuta. Saluni hukalia tuta hilo, na jiwe moja huweza kutoboa sampo. Oili ikimwagika na dereva asisimame, injini imekwisha.

Tazama pia taa na waipa. Huku juu ukungu hufunga barabara, nawe huwezi kwenda kwa kubahatisha.

LIJARIBU KWA KAZI YAKE

Sikilizeni mazungumzo haya ya mama mmoja na dalali wa magari pale Mombo. Ni mfano wetu wa leo.

DALALI: Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Gari nimeliona, linang'aa. Sasa nataka lipande mpaka Soni, nasi tuwe watu watano ndani.

DALALI: Watu watano wa nini, mama? Twende wawili tu, tuzunguke hapa hapa.

MAMA: Nikilinunua sitalipandisha peke yangu, baba. Watakuwamo wajukuu, na karoti zangu zitakuwamo. Nalipima kwa kazi yake.

DALALI: Na mafuta atalipa nani?

MAMA: Mafuta nitalipa mimi. Na huyu hapa ni fundi wangu, yeye atakaa mbele.

DALALI: Haya, mama. Twende.

Mama huyu ana busara. Hakudharau mtu, wala hakugombana. Alisema analotaka, akakubali kulipia mafuta, akaja na fundi wake mwenyewe, si fundi wa dalali.

Wakati wa kupanda, tazama kipimo cha joto. Magari mengine hayana mshale; yana taa tu. Ya buluu maana yake injini bado ni baridi. Nyekundu maana yake imepata moto kupita kiasi, simama mara moja. Wala usifungue kifuniko cha rejeta kabla haijapoa, maji yatakuchoma.

Mkifika Soni, pumzikeni kidogo, kisha mshuke kwa gia, polepole. Sikiliza kama kuna mlio kwenye kona. Angalia kama gari linavuta upande mmoja unapofunga breki. Mkifika Mombo, kanyaga pedali ya breki mara tatu. Je, ni ngumu kama mlipoanza? Nusa magurudumu. Tazama chini kama oili au maji yanadondoka. Gari lililofaulu safari hiyo limekwambia habari nyingi kuliko maneno ya muuzaji.

HESABU YA FEDHA

Sasa tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu. Wewe weka zako.

Jaza tenki mpaka juu. Andika kilometa zinazoonyeshwa. Tembea siku chache, kisha jaza tena. Tuseme umetembea kilometa 240, na tenki limeingia lita 20. Gawanya 240 kwa 20. Gari linakwenda kilometa 12 kwa lita moja. Kutoka Lushoto mpaka Mombo na kurudi ni kilometa 66. Gawanya 66 kwa 12, utapata lita 5 na nusu. Tuseme lita moja ni shilingi 3,000. Safari moja ni shilingi 16,500 za mafuta. Ukienda mara nne kwa juma, ni shilingi 66,000. Kwa majuma manne ni shilingi 264,000. Linganisha na nauli unayolipa sasa.

Bei ya mafuta hubadilika. Shirika la EWURA hutangaza bei ya juu inayoruhusiwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila mji. Isome, uibadilishe hesabu yako.

Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, na ushuru wa mafuta ukaongezwa. Kwa hiyo kila unapojaza tenki, unalipa sehemu ya kodi hapo hapo. Bima lakini ni lazima. Bima ndogo hulipa hasara ya mtu mwingine uliyemgonga; haitengenezi gari lako. Bima kubwa hulinda na gari lako pia, na bei yake ni kubwa zaidi.

Tena, usitumie fedha yote kununulia gari. Tenga angalau sehemu moja katika kumi. Ukiwa na shilingi 14,000,000, weka kando 1,400,000, tafuta gari la 12,600,000. Fedha ile ya kando ni ya kubadilisha oili ya injini, oili ya gia, mafuta ya breki, pedi na tairi katika mwezi wa kwanza. Mtu asiyetenga fedha hiyo hushuka mlima na breki za mwenye gari wa kwanza.

JE, SALUNI NDOGO YATUFAA?

Sasa tutoe hukumu. Saluni ndogo kama Corolla yamfaa mtu ambaye safari zake nyingi ni za lami, Lushoto, Soni, Mombo, Korogwe na Tanga. Yamfaa mwenye mzigo mwepesi, mwenye fundi wa karibu, na mwenye kutenga fedha ya matunzo. Mtu huyo atapata gari lisilokula mafuta mengi, na spea zake si za kuhangaika.

Haimfai mtu ambaye nyumba yake iko mwisho wa njia ya udongo yenye utelezi, na kazi yake ni kubeba magunia ya viazi. Huyo akinunua saluni, atalitumikia gari badala ya gari kumtumikia yeye. Heri aendelee kulipa lori siku ya soko, na fedha yake akaitie katika shamba mpaka apate gari la kazi.

Rahisi hugharimu, walisema wahenga. Lakini si kila cha bei nafuu ni kibaya. Kibaya ni kile ambacho hukukipima.

MASWALI

1. Herufi ya namba ya gari yakuonyesha nini? Haikuonyeshi nini?

2. Tairi imeandikwa 0821. Ilitengenezwa lini?

3. Kwa nini ni hatari kuweka gia huru unaposhuka kutoka Lushoto?

4. Gari limetembea kilometa 195 kwa lita 15. Linakwenda kilometa ngapi kwa lita moja?

5. Zungumzeni darasani: katika kijiji chenu, ni njia zipi ambazo saluni yaweza kupita wakati wa masika, na zipi haiwezi?

Andikeni majibu katika daftari, mwalimu wenu atayasahihisha. Kwaherini, mpaka somo lijalo.